Pikapu Iliyokataa Kutoka Kirumba

Gari langu lilikataa kuondoka msibani. Lilikuwa limekaa uani kwa marehemu baba mkubwa, kule Misungwi, siku nne za mvua mfululizo, na asubuhi ya tano, tulipokwisha kuzika na kuagana, niliwasha, nikatia gia, nikakanyaga mafuta. Likanyanyua pua, likatetemeka, likakaa palepale. Nikajaribu tena, likanguruma na kukaa vilevile. Wazee waliokuwa kwenye viti vya plastiki wakaacha mazungumzo yao. Shangazi, dada mdogo wa marehemu, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la mkutano, "Mzee hajakuruhusu. Shuka unywe uji."

Nikashuka nikanywa uji. Mimi ni mtu mzima, nina mtoto anayenyoa ndevu, na si kila jambo linalosemwa msibani ninalisadiki. Hili nililisadiki, kwa sababu nilikwisha kuliona likitokea mbele ya macho yangu nikiwa darasa la nne.

Vijana wakaenda kumwita fundi. Akaja na baiskeli, nyundo imechomekwa kwenye mkanda wa suruali. Hakuuliza habari za marehemu. Aliinua gari kwa jeki upande wa nyuma, akafungua gurudumu, akalitazama lile dramu la breki kama daktari anavyotazama ulimi, kisha akaligonga kwa nyundo, mara moja juu, mara moja pembeni, mara moja chini. Kitu ndani kikalia ngaa! Vumbi jekundu likamwagika kwenye matope, na harufu ikapanda: harufu ya kutu iliyolowa, kama ya sarafu uliyoishika mkononi ukiwa na jasho. Niliijua harufu ile kabla sijajua nimeijulia wapi.

"Dada, uliosha gari kabla ya kuja msibani?" fundi akaniuliza.

Nikakiri kwamba niliosha. Huwezi kwenda kumzika baba mkubwa na gari lenye matope.

"Halafu ukavuta hendibreki likiwa bado na maji. Basi ndiyo hiyo. Chuma kimebana chuma, maji yako katikati, mvua nayo inaongeza. Kutu inaunganisha kama gundi."

"Lakini hendibreki nimeishusha," nikasema. "Mkono umeshuka mpaka chini."

"Mkono unashuka vizuri tu, dada. Mkono si kitu. Kule ndani breki zimeng'ang'ania, hazina habari kwamba umeshusha."

Nilikaa chini kwenye kizingiti cha nyumba ya marehemu, na gauni langu la msiba likaingia matope. Shangazi alidhani ni uchungu wa kufiwa. Haukuwa uchungu huo, au haukuwa huo peke yake. Nilikuwa nimekumbuka jiwe.

Baba yangu alikuwa dereva wa shirika moja la umma lililokuwa likinunua pamba. Wakati ule mashirika yalikuwa yakifa moja baada ya jingine, na watu wazima walilitamka neno "kupunguzwa" kwa sauti ya chini, kama jina la ugonjwa. Shirika la baba lilipokufa, kila mtu aliondoka na alichoruhusiwa kuondoka nacho. Mhasibu aliondoka na meza. Baba aliondoka na pikapu. Ilikuwa ya rangi ya krimu, na mlangoni palikuwa pamebaki kivuli cha nembo iliyobanduliwa, ambacho baba alikisugua kila mara na hakikutoka.

Tulikuwa tumepanga nyumba Kirumba, juu kidogo ya ziwa. Uwanja wetu ulikuwa umeinama kuelekea majini. Ukidondosha chungwa mlangoni unakwenda kuliokota kwenye magugu maji. Mama alinunua dagaa mwaloni, soko la samaki la ufukweni, alfajiri, akawaanika juu ya mawe, na baba akawapeleka kwenye minada ya Misungwi, wakati mwingine hadi Kigongo, pale watu walipokuwa wakingoja kivuko cha kwenda Busisi. Tulikula, tukavaa na kusoma kutokana na vitu vitatu: ziwa, mawe na pikapu. Ziwa na mawe vilikuwa vya kila mtu.

Mimi nilikuwa mtoto wa kwanza, wadogo zangu wawili walikuwa bado wananyonya vidole, kwa hiyo kazi ya utingo ilinifikia mimi. Baba hakuwa na utingo mwingine. Alipofika nyumbani aliligeuza gari pua ikatazama mlango na mgongo ukatazama ziwa, kisha akapaza sauti, "Utingo!" Nami nilichomoka popote nilipokuwa, nikalikumbatia jiwe langu, nikalisukumiza nyuma ya gurudumu la kushoto na kujibu kama utingo anavyomjibu dereva wake, "Jiwe tayari, suka!" Ndipo alipozima injini. Jiwe lile lilikuwa bapa upande mmoja na zito kiasi cha kunikwaruza tumbo. Sikuliruhusu liguswe na mtu. Mtoto wa jirani aliwahi kulikalia, tukapigana.

Nilipomuuliza baba kwa nini tusitumie hendibreki kama madereva wengine, alinijibu jibu lile lile alilompa mama kila siku akiosha gari. "Hendibreki ni ya mlimani na ya stendi. Hapa ziwani ni jiwe. Ukiosha gari ukavuta hendibreki, kesho huendi kokote." Sikuuliza kwa nini. Nilichosikia mimi ni amri, na amri yenyewe alikwisha kunipa: hendibreki usiiguse, ukiigusa nitajua.

Halafu baba akaugua wiki tatu na kufa, hospitalini, asubuhi ya siku ya kawaida kabisa. Aliacha neno kwamba azikwe Mwanza, asipelekwe Misungwi kwenye makaburi ya ukoo. Baba mkubwa, kaka yake, alilipokea neno lile akiwa amesimama, akakubali, na tangu dakika ile akawa mtu wa kumtazama mama kwa pembeni. Kwake ilikuwa kama mji umemnyang'anya mdogo wake mara mbili.

Msiba wetu ulijaa. Walikuja watu wa mwaloni, watu wa shirika lililokufa, watu wa ukoo kutoka Misungwi na wengine ambao mpaka leo sijajua walikuwa wa nani. Asubuhi ya pili baada ya maziko nilikwenda kuliangalia gari, nikakuta jiwe langu halipo. Nililitafuta uwanja mzima. Nikalikuta jikoni, chini ya sufuria kubwa la ubwabwa, limekuwa figa pamoja na mawe mengine mawili, moto unaliramba pande zote. Wanawake wa msibani walikuwa wameokota mawe yaliyo karibu, na lililokuwa karibu kuliko yote lilikuwa langu. Mtoto haendi kuchomoa figa chini ya chakula cha wafiwa. Hata mimi nililijua hilo.

Nikarudi kulitazama gari. Nyuma ya gurudumu hapakuwa na kitu, mbele yangu palikuwa na mteremko, na chini ya mteremko palikuwa na ziwa. Sikujua kwamba baba, kama dereva yeyote mwenye akili, alikuwa ameliacha kwenye gia, na kwamba lisingekwenda popote. Niliona waziwazi pikapu ikirudi nyuma taratibu mbele ya watu wote na kuzama kwenye magugu maji, na watu wakiuliza, utingo alikuwa wapi? Basi nikaingia, nikakanyaga dashibodi kwa mguu mmoja, nikaishika hendibreki kwa mikono miwili na kuivuta kwa nguvu zangu zote. Krr, krr, krr. Kisha nikakaa pale kwenye kiti cha baba, nikingoja ajue.

Hakuna kilichotokea. Hilo ndilo lililonifundisha kwamba amekufa. Maziko yenyewe hayakuwa yamenifundisha.

Tangu siku ile nikawa naosha gari. Baba alikuwa akiliosha kila alipotoka safari, na sikuona sababu ya kuliacha likae na vumbi eti kwa kuwa mwenyewe hayupo. Kila alasiri nilipotoka shule nilichukua ndoo, nikashuka ziwani, nikayasukuma magugu maji kwa mkono, nikachota na kupanda nayo ikinimwagikia miguuni. Baba alizoea kusema gari ni miguu, kwa hiyo maji mengi yaliishia kwenye magurudumu. Niliyamwagia, nikayasugua kwa tambara, nikayamwagia tena. Mvua za vuli nazo zikaanza, lakini sikuona kwamba mvua inanipunguzia kazi.

Ndoo msibani ni vita. Nimekwenda kwenye misiba mingi tangu hapo na nimeona mashangazi wazima wakisusiana kwa sababu ya ndoo. Lakini ya kwangu, ya buluu yenye mpini wa waya, niliikuta kila alasiri mahali pale pale, kwenye mlango wa nyuma, tupu, na tambara limekunjwa ndani yake. Hata watu wengi walipokwisha kuondoka na kubaki ndugu wachache wa kungoja arobaini, ndoo haikukosa siku hata moja. Watoto hawashangai vitu vizuri vinapojirudia. Mimi sikushangaa.

Baba mkubwa hakuwa mtu mbaya, na nalisema hili mapema kwa sababu mwenyewe nilichelewa kulijua. Alikuwa mfugaji, mrefu, mpole kwa watoto, Kiswahili chake kimekaa juu ya Kisukuma na hakina herufi ya r hata moja. Kabla ya kurudi kwake baada ya wiki ya kwanza, alimwita mama barazani akamweleza mpango.

"Shemeji, mji si mahali pa mjane. Nyumba kule ipo, mashamba yapo, watoto watasoma kule kule. Siku ya alobaini nitakuja na deleva. Gali tutalitia kwenye pamba, siku hizi kila mwenye gali anabeba pamba ya matajili."

"Nimesikia, shemeji," mama akajibu.

Baba mkubwa alikuwa anasema kweli kwa namna yake. Mali ya marehemu ilirudi kwenye ukoo, wajane walirudi na mali, na mwanamke aliyebisha barazani alionekana amefurahia kufiwa. Mama hakubisha. Lakini jioni ile alimwambia Mama Rehema wa jirani, wakiwa wanageuza dagaa juu ya mawe, "Pikapu ikitoka kwenye uwanja huu, hata kodi ya mwezi siwezi. Nitaifuata tu, na hawa watoto wangu." Nilikuwa nyuma ya jiwe kubwa mojawapo. Niliwaza darasa langu, na dawati langu lenye jina langu nililolichonga kwa msumari, na shule ya huko ambako shangazi alisema watoto hukaa chini ya mti. Nikawaza pia kaburi la baba, ambalo lingebaki Mwanza peke yake bila mtu. Nililia, lakini kimya, maana nilikuwa nimejificha.

Siku ya arobaini ilifika. Asubuhi tulisali, mchana tukala, alasiri ukoo ukakaa uwanjani kwa ajili ya mazungumzo, ambayo hayakuwa marefu kwa kuwa yalikwisha kuamuliwa. Baba mkubwa alikuwa amekuja na dereva kijana na betri mpya ndani ya gunia. Dereva akaifunga betri, akaingia, akakaa kwenye kiti cha baba. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa nyuma, nimeshika ndoo yangu, nikiogopa. Hofu yangu haikuwa gari kuchukuliwa. Ilikuwa kwamba sasa ataiona hendibreki imevutwa, atauliza nani ameigusa, na mbele ya ukoo mzima nitapigwa.

Dereva aliiona. Akaishika, akabonyeza kitufe, akaishusha. Ikashuka mpaka chini, bila kelele, bila maswali. Nilishusha pumzi yangu yote. Kosa langu lilikuwa limefutika.

Kisha akawasha. Injini ikakohoa, ikakubali. Akatia gia ya nyuma, gari likajivuta, mgongo ukanyanyuka, likakaa. Akatia ya mbele, likainua pua kama ng'ombe anayenusa mvua, likazima. Akawasha tena, moshi ukafunika uwanja. Wanaume sita wakashika nyuma wakasukuma, magurudumu ya nyuma hayakuzunguka hata kidogo, yakachora tu mstari mfupi kwenye matope. Mtu mmoja akacheka. Halafu akaacha kucheka, na uwanja mzima ukaanza kunyamaza, mtu mmoja mmoja.

Mimi nilijua kinachotokea, na nilikuwa na uhakika kuliko wote. Hendibreki imeshushwa, nimeona kwa macho yangu. Jiwe halipo. Kama gari halina jiwe na halina breki na bado haliendi, basi limeshikwa na mtu. Na mtu pekee aliyekuwa na haki ya kulishika alikuwa mmoja tu. Nilitazama nyuma ya gari, pale kwenye mstari wa matope, nikitegemea kuona nyayo zake.

Dereva akashuka, akachuchumaa kwenye gurudumu la nyuma, akalipigapiga kwa kiganja, akainuka na kusema, "Nipeni nyundo."

Sikujua nyundo ya nini. Nilidhani amekasirika na anataka kulipiga gari, kama watu wanavyompiga ng'ombe aliyelala kwenye plau. Nadhani si mimi peke yangu niliyedhani hivyo, kwa sababu wanawake waliguna.

Mama alikuwa kwenye mkeka, ameinama, khanga imemfunika mpaka kwenye paji la uso. Akasema bila kuinua kichwa, "Hapa hakuna nyundo."

Nyundo ilikuwepo. Ilikuwa kwenye sanduku la vifaa la baba, chini ya kitanda, nami nilijua upande gani. Nikafikiri maskini mama, uchungu umemsahaulisha. Nilifungua mdomo nimkumbushe, na baba mkubwa akanitangulia.

"Acha, kijana," akamwambia dereva. "Leo ni alobaini yake. Unataka kumpiga nani nyundo?"

"Mzee, hizi ni breki tu, nikigonga kidogo..."

"Nimesema acha. Mimi nimechunga ng'ombe tangu sijavaa kaptula. Ng'ombe akilala mlangoni kwa zizi akakataa kutoka, humpigi. Unauliza ndani kuna nini."

Akaenda taratibu mpaka kwenye gari. Aliweka mkono wake wote juu ya boneti. "Ndugu yangu," akasema, sasa kwa sauti ndogo, kama tusingemsikia. "Kama ni wewe, basi. Nimeona. Ulikataa kuja kwetu kwa miguu yako, nikalazimisha kukuchukua kwa njia hii. Nisamehe." Akaomba maji ya kunywa, akayaweka mdomoni, akayapuliza kwenye gurudumu la nyuma, kama wanavyofanya wazee wa kwao kupoza jambo. Akasimama kitambo, maji yakimtiririka kidevuni, kisha akageuka. "Mwenye gali amekataa. Gali litabaki hapa, na shemeji atabaki nalo. Neno hili lisiludiwe."

Halikurudiwa. Jioni kabla giza halijaingia waliondoka kwa basi, yule dereva kijana akiwa amebeba betri yake begani na kutazama nyuma mara mbili tatu. Mama alikuwa bado kwenye mkeka, mabega yakimtikisika chini ya khanga, na wanawake wakimshika mgongo wakimwambia yatosha.

Wiki iliyofuata nilirudi kutoka shule nikakuta pikapu imegeuka. Pua ilitazama ziwa. Pale gurudumu la nyuma lilipokuwa, kulikuwa na duara la vumbi jekundu, na harufu ile ya sarafu yenye jasho bado imening'inia uwanjani. Mama alikuwa mlangoni anachagua mchele.

"Nani ameitoa?" nikamuuliza.

"Alikuja fundi kutoka Mirongo kuiangalia." Akatupa kijiwe. "Baba yako ameiachia."

Niliona jibu lile limekamilika. Nililichukua jiwe langu jikoni, upande mmoja umekuwa mweusi kwa masizi, nikaliweka mahali pake. Weusi ule haukutoka kamwe, na niliupenda. Mama akamwajiri dereva, dagaa wakaendelea kwenda minadani, nasi tukaendelea kusoma. Miaka michache baadaye mama alijifunza kuendesha mwenyewe, na watu wa mwaloni walikoma kucheka ilipofika mwezi wa pili.

Baba mkubwa alikuja kututembelea kila mwaka baada ya mavuno, na gunia la michembe, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa ambavyo mama alivipenda kuliko nyama. Kabla ya kuingia ndani alipita kwanza kwenye pikapu na kuweka mkono juu ya boneti. Hata ilipokwisha kuuzwa kama vyuma chakavu, alisimama mahali ilipokuwa ikikaa, akainamisha kichwa kidogo. Kila mara aliniita pembeni na kuniuliza swali moja. "Baba yako humwoti? Hajanitaja?"

"Hapana, baba mkubwa."

"Haya," alisema. "Haya, mwanangu. Wabeja." Akiisha kunishukuru hivyo kwa Kisukuma, aliingia ndani kusalimia.

Alimwuliza mtoto swali hilo, kisha msichana, kisha mwanamke mwenye watoto wake. Mwaka jana aliniuliza kwa simu. Nilikaa pale kwenye kizingiti chake, matope yakinipanda kwenye gauni, fundi akifunga nati za gurudumu, na nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Mzee wa watu ameishi akidhani mdogo wake alimkatalia kutoka kaburini. Aliyemkatalia alikuwa mtoto wa darasa la nne aliyeogopa gari lisizame.

Nikaendesha moja kwa moja mpaka Kirumba. Mama bado anakaa pale pale, nyumba sasa ni yetu. Magoti yamemzuia kwenda kuzika. Nilimpa pole za ndugu wote, nikampa michembe aliyotumiwa na shangazi, nikamweleza msiba ulivyokwenda, nani alilia na nani alijifanya. Kisha nikakaa miguuni pake, mahali nilipokuwa nikikaa zamani nikisukwa.

"Mama, ile pikapu," nikasema. "Ni mimi niliyeivuta hendibreki."

"Najua."

Alikuwa anatafuna. Nikangoja ameze.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Nilikuwa nimelazwa chumbani, dirisha liko wazi. Nimekaa na dereva miaka kumi na mbili, mlio wa hendibreki siujui?"

"Kwa nini hukuniambia niishushe?"

Alitazama nje, ambako gari langu lilikuwa limesimama na matope yake ya Misungwi.

"Baba mkubwa amekufa akiamini ni baba," nikasema. Sauti ilinitoka kwa ukali kuliko nilivyotaka.

"Hilo nimelibeba," mama akasema. "Usidhani sijalibeba. Kila mwaka alipokuja nilimchinjia kuku, nikasema leo nitamwambia. Halafu nakuona unapita na sare yako ya shule. Namwongezea mchuzi."

Nje mtu alikuwa anaita wateja wa sato. Nilijaribu kumkasirikia nikashindwa, nikajaribu kumsamehe nikaona sina mamlaka hayo. Mwishowe nikasema kitu kidogo, cha mtoto.

"Kwa hiyo ulikaa tu pale mkekani ukaniacha nifanye peke yangu."

Mama akaniinua kidevu kwa kidole kilichokuwa na unga wa michembe.

"Peke yako?" akasema. "Msiba ule ulikuwa na wanawake hamsini na ndoo sita. Wewe ulidhani ile ya buluu alikuwa anakuwekea nani?"